Kuboresha au Kubadili Toleo? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Programu za Ofisi

Utangulizi

Dokezo moja la kurasa mbili lililetwa mezani kwetu likiwa limekwisha kuzunguka katika ofisi moja ya umma kwa muda wa majuma matano. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili, na mwandishi wake, fundi wa kompyuta anayeijua vyema kazi yake, alikuwa amejitahidi sana kuepuka maneno ya kigeni. Kiini chake kilikuwa sentensi hii: "Inapendekezwa kuwa programu zote za ofisi ziboreshwe, na usajili ufanyike mapema, kwa kuwa msaada wa toleo lililopo umekoma." Pembeni mwa sentensi hiyo Afisa Masuuli alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Ni mfadhili gani aliyesitisha msaada, na kwa sababu gani?"

Ni rahisi kucheka. Hata hivyo, tulipolisoma dokezo hilo kwa makini tuliona kwamba Afisa Masuuli hakukosea. Aliyasoma maneno kama utumishi wa umma ulivyoyatumia miaka yote: msaada hutoka kwa mfadhili, na usajili hufanywa mara moja ukaisha. Wala fundi naye hakukosea kwa makusudi, kwani maneno yake aliyaokota katika vioo vya kompyuta na katika orodha za istilahi, baadhi yake zikiwa zimetoka katika mikono ya watu wa kazi kama yetu. Kosa limo katika istilahi zenyewe. Nalo halikuwa kosa dogo. Majuma matano yalipotea, na hatimaye ankara ilipoletwa iligundulika kwamba malipo yaliyokuwa yamekubaliwa yangerudi tena kila mwaka, ilhali hapakuwa na kasma iliyotengwa kwa mwaka uliofuata.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi hizo tatu, yaani kuboresha, msaada na usajili, kwa kuziweka mahali zinapofanyia kazi: katika uamuzi wa ofisi kuliacha toleo la programu ililonalo na kuchukua lililo jipya zaidi. Uamuzi huo huzikabili shule, mahakama, halmashauri na wizara, na aghalabu huamuliwa na watu wasiokuwa mafundi. Hao hutegemea maneno tu. Hoja yetu ni kwamba istilahi inayotoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa haifai kuwamo katika dokezo linaloomba uamuzi.

Neno la kwanza: kuboresha

Kitenzi hiki kimeundwa kwa kivumishi bora na kiambishi cha kusababisha. Maana yake haina utata: ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Huboreshwa mbegu, huboreshwa makazi, huboreshwa elimu, na katika matumizi hayo neno limetulia kabisa. Tatizo linaanza linapoingizwa katika fani ya kompyuta. Katika dokezo tulilolitaja lilitumika mara nne, na kila mara kwa maana yake:

(a) kutia marekebisho madogo yanayotolewa na mtengenezaji katika toleo lilelile;
(b) kununua toleo jipya badala ya lililopo;
(c) kuongeza kumbukumbu katika kompyuta za zamani ili ziweze kulibeba toleo hilo;
(d) kuwafundisha makarani namna ya kulitumia.

Mambo manne haya yana gharama nne na wenye dhamana wanne. La kwanza kwa kawaida halitozwi chochote na hufanyika usiku mmoja. La pili linahitaji zabuni. La tatu ni la Afisa Ugavi, na la nne ni la idara ya utumishi. Msomaji anapoambiwa kwamba programu "ziboreshwe", atajuaje ni lipi analotakiwa kulitia sahihi?

Kasoro hiyo ya wingi wa maana yaweza kurekebishwa kwa maelezo. Kasoro ya pili hairekebishiki, kwa kuwa imo katika mofolojia yenyewe. Kiambishi cha kusababisha kinatangaza matokeo. Anayesema "tuboreshe" amekwisha kusema kwamba kijacho ni bora kuliko kilichopo, na katika kikao ni nani atakayesimama kupinga ubora? Mwenye kutaka kuuliza juu ya gharama, au juu ya mafaili ya zamani, huonekana mpinga maendeleo. Wahenga waliuona udhaifu huu wa binadamu wakasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wako wenye kuishika methali hiyo ya pili hata pale ambapo mbacha umekwisha kuoza, na hao nao hukosea. Istilahi inayofaa ni ile inayowaacha wote wawili wajadiliane. Na tuitazame historia ili tuone kama kweli neno kuboresha laweza kuyasimulia yaliyotokea.

Mfano wa kwanza ni wa Microsoft Office. Toleo la 2007 lilipoanza kuuzwa kwa umma, mnamo Januari mwaka huo, lilileta mabadiliko mawili makubwa kwa pamoja. Menyu za kuteremka zilizokuwa zimezoeleka ziliondolewa katika programu kuu, pakawekwa utepe wenye vichupo na picha. Na muundo wa kawaida wa kuhifadhia nyaraka ulibadilika kutoka "doc" kuwa "docx". Faida zilikuwapo, tena kubwa. Karatasi ya hesabu ya Excel, ambayo katika toleo la 2003 ilikomea safu mlalo 65,536 na safu wima 256, sasa iliweza kufika safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384. Kwa ofisi yenye daftari kubwa la walipa kodi au wanafunzi hili halikuwa jambo dogo. Papo hapo, mwalimu aliyekuwa ameandaa mafunzo yake kwa kufuata menyu, hatua kwa hatua, ilimbidi ayaandike upya. Na aliyebaki na toleo la 2003 hakuweza kuufungua waraka wa mwenzake mpaka atie kwanza programu ya ziada, ambayo mtengenezaji aliitoa bila malipo kwa ajili ya matoleo ya zamani. Yaani ofisi moja ilipobadili, jirani zake pia walibebeshwa mzigo. Je, huko ni kuboresha? Kwa karani wa takwimu, ndiyo. Kwa mwalimu wa mwaka ule, sivyo.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, nao unaonyesha hatari ya upande wa pili. Mwanzoni mwa Oktoba 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, ilitangazwa kwamba wagonjwa 15,841 waliothibitishwa nchini humo kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuwa wametiwa katika hesabu za kila siku. Matokeo ya vipimo kutoka maabara yalikuwa yakikusanywa katika mafaili ya Excel yenye muundo wa zamani wa "xls", ule unaokomea safu mlalo 65,536. Faili lilipojaa, safu zilizozidi ziliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamearifiwa matokeo yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa, na maradhi hayo hayangoji. Muundo mpya usio na kikomo hicho kidogo ulikuwa umekwisha kuwapo kwa miaka 13.

Kwa mwanaistilahi mfano huu una somo maalumu. Toleo la programu na muundo wa faili ni vitu viwili. Ofisi yaweza kununua programu mpya kabisa, ikaendelea kuhifadhi kazi zake katika muundo wa zamani kwa sababu kiolezo kilichorithiwa kinataka hivyo. Dokezo likisema tu kwamba programu "zimeboreshwa", mkubwa wa ofisi atalala usingizi akidhani kwamba yote yameboreshwa, kumbe lililo la hatari halikuguswa.

Mfano wa tatu ni wa mji wa München, Ujerumani. Mtengenezaji alipokuwa akikaribia kuacha kuitunza Windows NT 4.0, iliyokuwa ikitumika katika ofisi za mji huo, baraza la mji lilikaa mwaka 2003 kuamua la kufanya. Badala ya kuchukua toleo lililofuata, liliamua kuiacha Windows na kwenda Linux pamoja na programu huria za ofisi. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka kumi na kuhusisha kompyuta zaidi ya 14,000. Ililazimu kutengenezwa programu ya pekee kwa ajili ya violezo vya barua za mji. Kisha, mwaka 2017, baraza likaamua kurudi Windows. Safari ya kwanza wapo walioiita maendeleo na wapo walioiita upotevu. Na ya pili ilipata majina hayohayo, ila yalibadilishana wasemaji. Hatuna la kuamua hapa juu ya nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba kama mji huo ungekuwa unaandika madokezo yake kwa Kiswahili chetu cha sasa, mwaka 2003 ungeandika "kuboresha", na mwaka 2017 ungelazimika kuandika "kuboresha" tena, safari hii kwa kurudi kule ulikotoka.

Maneno yanayoshindana na kuboresha

Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, ambayo ofisini kwetu husikika yakinyambuliwa Kiswahili: kuapdeti na kuapgredi. Hatuyapendekezi, lakini ni haki kukiri kwamba wasemaji wanaoyatumia wanatenganisha dhana mbili ambazo waandishi wetu wa Kiswahili sanifu wamezichanganya. Istilahi yoyote tutakayoichagua haina budi kutenganisha walau kiasi hicho.

Kusasisha, yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa, kiliwahi kuonekana kigeni kwa kuwa kimetokana na kielezi cha wakati, lakini kimekubalika, na kinafaa sana kwa marekebisho madogo ndani ya toleo lilelile. Marekebisho hayo yenyewe yana jina zuri: viraka. Kila mtu anajua kwamba shati lililotiwa kiraka ni shati lilelile. Kununua toleo jipya ni kununua shati jingine, ambalo pengine mikono yake ni mirefu zaidi na kifua chake kinabana.

Kupandisha daraja, ambacho huandikwa pia kupandisha gredi, kina kasoro ileile ya kuboresha. Katika utumishi, kupandishwa daraja ni furaha inayoambatana na nyongeza ya mshahara. Na ofisi inayorudi katika toleo la awali baada ya jipya kuishinda, je, tuseme imeshushwa daraja? Hiyo ni adhabu, ilhali kurudi kwaweza kuwa busara.

Kuhuisha kinatumika kwa taarifa, kwa mikataba na kwa leseni. Tunashauri kiachwe hukohuko kwenye leseni na mikataba, mahali ambapo maana yake ya kukirudishia uhai kitu kilichofikia mwisho wa muda wake ni bayana. Tukikitumia pia kwa toleo, mhasibu hatajua kama anaombwa kulipia kile anachokitumia au kununua kingine.

Sisi wenyewe tulivutwa kwanza na kuhamia toleo jipya, kwa sababu kauli ya kutendea inamlazimisha mwandishi ataje aendako. Lakini istilahi haina budi kuzaa nomino, na nomino ya kitenzi hiki, uhamiaji, imekwisha kukaliwa na idara inayotoa pasipoti. Kwa hiyo tumeona kubadili toleo ndicho kinachofaa. Ni kifupi, kinazaa ubadilishaji wa toleo bila taabu, kinafaa kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, na hakisemi lolote juu ya ubora. Kuhama tunakiacha kwa safari kubwa zaidi, ile ya kutoka programu moja kwenda nyingine, kama walivyofanya watu wa München, au kama ofisi itakavyofanya ikiamua kuiacha Microsoft Office na kutumia LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010 na isiyotozwa ada ya leseni. Jambo hili la mwisho lina uzito wake. Dokezo lililoandikwa kwa neno kuboresha linajua njia moja tu, ya toleo jingine la bidhaa ileile. Dokezo lenye maneno kubaki, kusasisha, kubadili toleo na kuhama linamwonyesha msomaji njia nne.

Neno la pili: msaada

Tumekwisha kuona lilivyomfikisha Afisa Masuuli kwa mfadhili. Dhana inayokusudiwa ni ahadi ya mtengenezaji kwamba, kwa muda uliotajwa, ataendelea kutoa viraka na kujibu maswali juu ya toleo fulani. Muda huo una mwanzo na mwisho unaojulikana mapema. Toleo la 2003 la Microsoft Office lilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014. Matoleo ya 2016 na 2019 yote mawili yalifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Windows 10. Toleo la 2024, lililotoka Oktoba mwaka huo, limeahidiwa hadi Oktoba 2029.

Tunapendekeza matunzo. Huduma ni neno pana mno, na matengenezo yanadokeza kwamba kitu kimekwisha kuharibika. Matunzo yanabeba wazo la kazi inayoendelea wakati kitu kingali kizima. Tena neno hili linamsaidia mtoa uamuzi aelewe jambo ambalo wengi hulikosea: matunzo yakikoma, programu haifi. Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2025 nyaraka zilifunguka kama kawaida. Ni kama nyumba ya udongo iliyoachwa kukandikwa. Kuta bado zimesimama, na mwenye nyumba asiyejua aweza kuishi humo kwa starehe kiangazi chote. Lakini kila ufa unaogunduliwa na wadukuzi tangu siku hiyo utabaki wazi, na masika hayana simile. Kwa kompyuta ya masjala iliyounganishwa na mtandao na yenye mafaili ya siri, hiyo ni sababu nzito ya kubadili toleo. Kwa kompyuta isiyogusa mtandao wowote, inayotumika kuchapa ratiba ya shule, ni sababu nyepesi zaidi. Neno msaada linauficha upambanuzi huu wote.

Neno la tatu: usajili

Husajiliwa vizazi na vifo, makampuni, magari, wanafunzi na laini za simu. Katika yote hayo tendo hufanywa, cheti kikatolewa, jambo likaisha. Siku hizi programu za ofisi huuzwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza mnunuzi hulipa mara moja, akaendelea kulitumia toleo hilo hata baada ya matunzo yake kukoma. Katika njia ya pili hulipa kila mwezi au kila mwaka, na matoleo mapya humjia yenyewe maadamu analipa. Hii ya pili ndiyo iliyobandikwa jina la usajili, na jina hilo limeficha jambo ambalo mlipaji angependa kulijua kabla ya mengine yote: kwamba malipo hayaishi.

Laiti ingekuwa ni suala la fedha tu. Katika Microsoft 365, inayouzwa kwa njia hii, malipo yakisimama programu zilizomo kompyutani huingia katika hali ya kupunguziwa uwezo. Mtu huweza kuufungua waraka wake, kuusoma na kuuchapa, lakini si kuuhariri wala kuanzisha mwingine. Ofisi ambayo bajeti yake hucheleweshwa ina haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Tunapendekeza leseni ya ada ya mwaka kwa njia hii, na leseni ya kununua kwa ile ya kwanza. Neno ada halihitaji kufafanuliwa kwa mzazi yeyote aliyepata kusomesha mtoto: hulipwa, na mwakani hulipwa tena.

Toleo na kazi ya mfasiri

Wasomaji wetu wafasiri wana sababu yao wenyewe ya kulifuatilia suala hili. Tafsiri ya programu haisimami peke yake kama kitabu. Imefungwa katika toleo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisi, na punde Microsoft nayo ikatoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP na Office 2003. Zilikuwa kazi za kuheshimiwa. Lakini kila toleo linalofuata huleta vitufe vipya, maonyo mapya na sentensi mpya za msaada wa mtumiaji, na tafsiri isiyoendelezwa hubaki nyuma pamoja na toleo lake. Anayebadili toleo bila kuuliza habari za Kiswahili aweza kujikuta amepata safu mlalo milioni moja na kupoteza lugha yake kiooni. Swali hilo nalo sharti liingizwe katika mizani, na sisi ndio wa kulikumbusha, kwa maana muuzaji hatalikumbusha.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba lugha ni ya wasemaji, na kwamba kuboresha kimekwisha kuenea. Hoja hiyo tunaiheshimu. Mitaani na katika mazungumzo ya ofisini hatuna amri wala hatuitaki. Tunazungumzia madokezo, mikataba, ankara na vitabu vya kiada, yaani maandishi ambayo mtu hutia sahihi au huyafundisha. Wengine watatukumbusha mashindano ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na watuulize kama yaliliangusha taifa lolote. Hayakuangusha. Majina matatu kwa mashine moja hayakumpotosha mnunuzi. Jina moja kwa mambo manne limempotosha, na ndiyo maana tunaliona tatizo hili kuwa kubwa kuliko lile.

Na tukiri la kwetu. Orodha nyingi za istilahi zimechapwa kwa safu mbili, neno la kigeni kushoto na la Kiswahili kulia, bila fasili wala mfano. Orodha ya namna hiyo haiwezi kuonyesha kwamba kusasisha ni tendo la usiku mmoja na kubadili toleo ni tendo la mwaka mzima wa fedha. Fundi aliyeandika "msaada umekoma" aliufuata mwongozo kwa uaminifu. Mwongozo ndio uliomwangusha.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo katika maandishi rasmi:

(a) Kusasisha: kutia viraka katika toleo lilelile.
(b) Kubadili toleo: kuacha toleo moja la programu na kuchukua jingine la programu hiyohiyo, liwe jipya zaidi au la zamani.
(c) Kuhama: kuacha programu moja na kutumia nyingine.
(d) Matunzo: ahadi ya mtengenezaji ya kutoa viraka kwa toleo, pamoja na kipindi cha matunzo na mwisho wa matunzo.
(e) Leseni ya ada ya mwaka na leseni ya kununua, badala ya usajili.
(f) Muundo wa faili: utajwe mbali na toleo la programu kila mara.
(g) Kuboresha: kiachwe kwa ripoti inayoandikwa baada ya kazi, pale ambapo ushahidi wa ubora umekwisha kupatikana.

Istilahi hupimwa kwa kazi. Kwa hiyo tulilirudisha dokezo lile kwa wenyewe likiwa na sentensi hizi badala ya ile moja: "Matunzo ya toleo la 2016 tulilonalo yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Inaombwa uamuzi kama ofisi ibaki nalo, ibadili toleo, au ihamie programu nyingine. Ikibadili toleo, kuna leseni ya kununua na leseni ya ada ya mwaka, na gharama za kila moja kwa miaka mitano zimeambatishwa. Violezo vya barua na mafaili ya masjala yaliyo katika muundo wa zamani yatajaribiwa kwanza katika kompyuta tatu kabla ya ofisi nzima kubadili."

Dokezo limekuwa refu zaidi kwa sentensi tatu. Afisa Masuuli alilirudisha siku ya pili likiwa na swali moja pembeni, nalo lilihusu bei.